Kizuri Hiki Hakijiuzi: Kwa Nini Kaya za Mjini Hununua au Hazinunui Chakula cha Kilimo Hai

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wakulima, wafanyabiashara na walaji. Inatolewa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wakulima, ndugu wafanyabiashara, na nyinyi walaji wenzangu ambao ndio wengi katika ukumbi huu ingawa hamkualikwa kwa jina hilo,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze kwa nini kaya moja ya mjini hununua chakula cha kilimo hai, na kaya ya jirani yake, yenye kipato kilekile na watoto wa umri uleule, hainunui. Nitaanza kwa kukiri jambo linalonihusu mwenyewe, kwa sababu nikianza na takwimu mtasinzia, na nikianza na mawaidha mtaondoka.

Miaka kadhaa iliyopita, mlangoni pa duka moja kubwa, kijana mwenye karatasi mkononi aliniuliza kama napendelea chakula cha kilimo hai, yaani kile kilicholimwa bila viuatilifu na mbolea za viwandani. Nilijibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Akaniuliza kama niko tayari kukilipia zaidi kidogo. Nikajibu ndiyo. Akaniuliza hukinunua mara ngapi, nami nikajibu, bila hata kupepesa jicho, kwamba kila wiki. Kijana akaandika, akanishukuru, nikaingia ndani. Nusu saa baadaye nilipofika nyumbani, mke wangu, ambaye nilimsimulia habari za yule kijana kwa majivuno kidogo, alikichungulia kikapu na kuniuliza kwa upole, "Na hivyo vya kila wiki viko wapi?" Havikuwamo. Hakikuwamo hata kimoja.

Je, nilimdanganya yule kijana? Ndugu zangu, sikumdanganya. Wakati najibu niliamini kila neno nililolitamka. Na hapo ndipo ugumu wa jambo letu ulipo: mtu anayeulizwa hujibu kwa moyo wake, lakini mtu anayenunua hununua kwa mkono wake, na mkono una mazoea yake. Mkono huenda kwenye rafu ileile ya juma lililopita, huchukua kilekile kilichochukuliwa juma lililopita, na yote hayo hufanyika wakati akili inawaza nauli, karo na mvua inayotishia kunyesha.

Penye nia pana njia, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alichapisha makala ya nadharia ambayo watafiti wa ununuzi wa chakula hiki wameitumia sana tangu hapo, na ukiisoma kwa makini utaona kwamba nia yenyewe ina wazazi watatu. Wa kwanza ni mtazamo wa mtu kuhusu tendo lenyewe, yaani kama analiona ni jema au la. Wa pili ni matarajio ya watu anaowathamini. Wa tatu ni jinsi mtu anavyojiona ana uwezo wa kulitenda, na huyu wa tatu hana kazi ya kuzaa nia tu, bali pia anaweza kulizuia tendo hata pale nia ilipokwisha kukamilika. Sisi katika mikutano yetu tunahangaika na yule wa kwanza tu. Tunachapisha vipeperushi, tunatoa semina, tunaeleza faida, kana kwamba mjini kuna watu wengi wanaodhani chakula chenye mabaki ya sumu ni kitu kizuri. Nani anadhani hivyo? Mtazamo mwema upo tayari. Kinachokosekana ni bidhaa kuwapo kwenye njia ambayo mtu hupita akitoka kazini, kwa kiasi anachokihitaji, siku anayoihitaji, na juma lijalo pia. Mteja aliyekuja mara mbili akakuta meza tupu hatakuja mara ya tatu, na hatakueleza kwamba ameacha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wakulima na wafanyabiashara ni hili: msipange mavuno yenu kwa kufuata dodoso. Pangeni kwa kufuata stakabadhi.

Sasa, ni nani basi anayenunua? Hapa nitapita haraka, kwa sababu kusema kweli majibu ya watafiti yanagongana. Wapo waliokuta kwamba wasomi hununua zaidi, wapo ambao hawakuona tofauti; wapo waliokuta kwamba vijana ndio walio mbele, na wapo waliokuta ni wazee. Nadhani swali lenye faida zaidi ni kuuliza kaya huanza lini. Kaya huanza pale maisha yanapoyumba: mtoto anapozaliwa, daktari anapotoa habari ambayo hakuna aliyeitarajia, familia inapohamia mtaa mpya na kulazimika kutafuta wauzaji wapya. Mazoea yanapovunjika, ndipo jambo jipya hupata nafasi ya kuingia.

Dada yangu alianza siku alipoanza kumlisha mwanawe wa kwanza vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Kila karoti iliyopondwa kwa ajili ya mtoto yule ilitoka kwenye kilimo hai, wakati yeye na shemeji yangu wakiendelea kula karoti za kawaida kutoka kwenye sufuria nyingine katika jiko hilohilo. Mtoto alipoanza kula chungu kimoja na wazazi wake, zile karoti maalumu zikakoma. Maziwa ya ng'ombe ya kilimo hai peke yake ndiyo yaliyobaki, na yamebaki hadi leo, ingawa mtoto sasa ana miaka tisa. Je, kaya hii ni ya wanunuzi au ya wasionunua? Mtafiti angeweka alama wapi? Ukweli ni kwamba kaya haiingii katika kilimo hai kama mtu anavyoingia katika dini. Inachagua kitu kimoja kimoja, kwa ajili ya mtu fulani mezani. Wengine hununua matunda yanayoliwa na ganda lake, wakayaacha yale yanayomenywa. Wengine hununua mayai tu. Muuzaji anayeitaka kaya nzima siku ya kwanza ataikosa yote.

Ndugu wasikilizaji, niruhusuni sasa niingie katika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini, na ambalo nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo tusemavyo, na kwa bidhaa nyingi ni kweli. Kitambaa kizuri utakijua kwa kukishika. Tunda tamu utalijua kwa kulionja. Lakini je, nyanya iliyokua bila viuatilifu vya viwandani utaijua kwa kitu gani?

Niliwahi kufanya jaribio dogo katika semina ya wakulima. Niliweka bakuli mbili za nyanya mezani, nikawaambia kwamba moja ni ya kilimo hai, nyingine si ya kilimo hai, nikawaomba wanionyeshe ipi ni ipi. Hawa hawakuwa watu wa mjini wanaoijua nyanya ikiwa dukani tu. Walikuwa wakulima wa miaka mingi. Mmoja alinusa, mwingine alibonyeza, wa tatu akaonyesha tundu la mdudu na kusema kwamba hapo ndipo penye ushahidi, kwa kuwa mdudu hali sumu. Mabishano yakawa makali, na ukumbi ukagawanyika karibu nusu kwa nusu. Nilipowaambia kwamba nyanya za bakuli zote mbili nilizinunua asubuhi ile kwenye meza moja, kutoka kwenye lundo moja, walicheka, kisha wakanyamaza. Ule ukimya wao ulinifundisha kuliko kicheko.

Wachumi wana maelezo ya jambo hili. Mwaka 1970 Phillip Nelson alitofautisha bidhaa ambazo sifa zake huonekana kabla ya kununua na zile ambazo sifa zake hujulikana baada ya kuzitumia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1973, Michael Darby na Edi Karni wakaongeza aina ya tatu: bidhaa ambazo mnunuzi hawezi kuzithibitisha kabla ya kununua, wala baada ya kununua, wala baada ya kumeza. Chakula cha kilimo hai kiko katika aina hii ya tatu. Mlaji hanunui nyanya peke yake. Ananunua nyanya pamoja na neno la mtu kuhusu nyanya hiyo, na ile nyongeza ya bei, machoni pake, ni bei ya neno hilo.

Na neno likikosa mlinzi, nini hutokea? Mwaka huohuo wa 1970 George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi, alieleza kwa kutumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na gari bovu hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye gari zima huona bei hiyo ni hasara, akaliondoa sokoni. Wastani unashuka, bei inashuka, na anayefuata kuondoka ni yule mwenye gari lenye hali ya wastani. Mwishowe kinachobaki sokoni ni vibovu. Hebu wakulima mlio hapa mjiulize: ni mara ngapi mmesimama karibu na mtu anayeuza mazao ya kawaida kwa jina la kilimo hai, nanyi mkajisemea kwamba hiyo ni dhambi yake mwenyewe? Si yake mwenyewe. Yeye anakula bei yenu. Kila mnunuzi anayemgundua hapungukiwi na imani kwake tu, bali hupungukiwa na imani kwenu nyote, kwa sababu machoni pa mnunuzi nyote mnafanana kama nyanya za bakuli zile.

Hii ndiyo sababu nchi ambako kaya nyingi hununua chakula hiki ni nchi ambako neno hili, "kilimo hai", lilipewa mwenyewe wa kulilinda. Denmark ilipitisha sheria yake ya kilimo hai mwaka 1987, na mwaka 1989 ikaanzisha nembo nyekundu inayosimamiwa na dola, ambayo nyuma yake kuna wakaguzi wa serikali. Leo Denmark ni miongoni mwa nchi ambako sehemu ya kilimo hai katika soko la chakula ni kubwa kuliko karibu kote duniani. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni yake ya kwanza mwaka 1991, na nembo yake ya jani la kijani ikaanza kutumika mwaka 2010. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990, ingawa kanuni zake zilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2002, yaani kina mama wa huko walisubiri miaka 12 kabla ya neno kuwa na maana moja nchi nzima. Mwaka 1999 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, ikatoa miongozo yake. Pale ambapo neno halina mwenyewe, kila mtu hulichukua: utasikia "asilia", utasikia "halisi", utasikia "freshi kutoka shambani", na hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kumpeleka mtu mahakamani.

Najua wakulima wadogo watanijibu kwamba cheti cha kuthibitisha kilimo hai ni ghali. Ni kweli, na inafaa kuongeza kwamba mkaguzi wa nje mara nyingi hulipwa na yuleyule anayemkagua, jambo ambalo mimi binafsi sijawahi kulifurahia. Ndiyo maana ipo njia nyingine, inayotambuliwa na shirikisho la kimataifa la vuguvugu la kilimo hai, IFOAM, lililoanzishwa mwaka 1972: uhakiki shirikishi, ambapo wakulima hukaguana wenyewe kwa utaratibu ulioandikwa, na walaji hualikwa kwenda shambani pamoja nao. Una udhaifu wake, kwa sababu majirani huoneana haya. Lakini mlaji aliyewahi kukanyaga shamba, akaona mboji ikigeuzwa na kuuliza maswali yake ya ovyo bila kuchekwa, hununua kwa moyo ambao nembo peke yake haiwezi kuuleta.

Nije kwenye bei, ambayo nyinyi nyote mlitarajia niianze nayo.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel, akichunguza matumizi ya familia, aliona kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu ya kipato chake inayoishia kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Kanuni hiyo inaendelea kushikilia hadi leo. Maana yake ni kwamba ongezeko lilelile la bei ambalo kwa kaya moja ni suala la upendeleo, kwa kaya nyingine ni suala la kama chakula kitafika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nawasihi, tuache kabisa ile kauli ya "afya yako ni muhimu kuliko pesa". Mama anayehesabu sarafu kabla watoto hawajaamka anaijua thamani ya afya kuliko msemaji yeyote anayepokezwa kipaza sauti. Kauli ile haimshawishi. Inamtukana.

Je, wakulima wanapandisha bei kwa tamaa? Wapo, lakini hiyo siyo sababu kuu. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 2012 ulionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai yalikuwa pungufu kuliko ya kilimo cha kawaida kwa kati ya asilimia 5 na 34, kutegemea zao, udongo na ustadi wa mkulima. Palizi ya mkono inataka watu, na watu wanataka ujira. Kuna pia kipindi cha mpito, ambacho katika kanuni za Ulaya ni miaka 2 kwa mazao ya msimu na kwa kawaida 3 kwa mazao ya kudumu, na katika kanuni za Marekani ni miezi 36. Katika kipindi hicho mkulima anabeba gharama zote za kilimo hai huku akiuza bila nembo yake. Halafu mzigo wake mdogo lazima usafirishwe na kuhifadhiwa mbali na mwingine. Lori lililojaa nusu hunywa mafuta karibu sawa na lililojaa pomoni, na nusu ile tupu analipia mlaji.

Lakini kuna kisa kinachonipa matumaini, na ningependa mkisikilize vizuri. Jiji la Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, liliamua kwamba majiko yake ya umma, yale yanayopikia watoto na wazee, yafikie asilimia 90 ya chakula cha kilimo hai kufikia mwaka 2015. Yalifika asilimia 88. Nawasikia mkijisemea kwamba nchi tajiri hiyo. Subirini kidogo. Majiko yale hayakuongezewa bajeti ya kununulia chakula. Kilichobadilishwa ni upishi: wapishi walifunzwa upya, nyama ikapunguzwa, mboga za msimu zikaongezwa, vyakula vilivyoandaliwa tayari vikapungua na kazi ya kumenya na kukata ikarudi jikoni, na kilichokuwa kikitupwa kikaanza kuhesabiwa. Bei ya kilo moja ilipanda, lakini bei ya sahani haikupanda.

Hilo ni tofauti kubwa sana. Sisi tunabishana juu ya bei ya kilo, wakati kaya hula kwa sahani. Sisemi kwamba kila kaya inaweza kufanya yale yaliyofanywa na jiko lenye mpishi wa mshahara. Muda wa kumenya na kukata nao ni mali, na katika nyumba nyingi mali hiyo inatolewa na mwanamke aliyekwisha kufanya kazi siku nzima. Lakini muuzaji anayejua kueleza jinsi ya kutumia majani ya karoti pamoja na karoti yenyewe amempunguzia mteja bei bila kuishusha.

Kuhusu afya nitasema maneno machache, na huenda baadhi yenu wasiyafurahie. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua tafiti zaidi ya 200, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wenye nguvu kuwa chakula cha kilimo hai kina virutubisho vingi zaidi, ingawa mabaki ya viuatilifu yalionekana ndani yake mara chache zaidi. Mwaka 2014 uchambuzi mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ulikuta kwamba mazao ya kilimo hai yalikuwa na viambata vingi zaidi vya kuzuia oksidisho, vile vinavyodhaniwa kuzilinda chembe za mwili, na kiasi kidogo zaidi cha kadimiamu, ambayo ni madini yenye sumu. Haya ndiyo tunayoweza kuyasema. Hatuwezi kusema kwamba yanatibu kansa. Hatuwezi kusema kwamba hayapuliziwi kitu chochote, kwa sababu kanuni huruhusu dawa kadhaa, zikiwamo za pareto, salfa na shaba. Wala hatuwezi kusema kwamba ni salama kwa jina tu: mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa bakteria uliohusishwa na machipukizi ya mbegu kutoka shamba la kilimo hai uliua watu zaidi ya 50. Mboga huoshwa, iwe na nembo au isiwe nayo.

Kwa nini nayasema haya mbele ya watu wanaouza? Kwa sababu mzazi akitishwa kuhusu mboga za kawaida, naye hana uwezo wa zile nyingine, hatanunua zenu. Atapunguza mboga. Na kwa sababu, kama nilivyosema, mnachouza ni neno, na mtu akikukamata umelitia chumvi mahali pamoja ataanza kuonja kila sentensi yako.

Namalizia na kikapu changu, maana mke wangu yumo ukumbini na angeniuliza. Leo hii kimo kitu kimoja cha kilimo hai ambacho hakikosekani, nacho ni mayai. Sikukiingiza kwa sababu ya semina wala kwa sababu ya nadharia hizi nilizowasomea. Kuna mwanamama ambaye nilianza kununua kwake kwa kubahatisha tu. Juma la tatu au la nne nilimkuta ana trei mbili mezani, nikanyoosha mkono kwenye ile iliyo karibu, huku pesa nimeshazitoa. Akanishika mkono. "Hayo siyo, baba," akaniambia. "Kuku wangu wametaga kidogo wiki hii. Hayo nimeyachukua kwa mwenzangu, ni ya kawaida, na bei yake ni ya kawaida. Ukitaka yale yako, rudi Alhamisi."

Nilirudi Alhamisi.

Asanteni kwa kunisikiliza.